Sura ya Saba: Hesabu ya Siku Kabla ya Kuvuka

Kila maradhi yanapoenea na njia zikawekewa walinzi, swali moja hunijia hapa Misisi kutoka vinywa vya watu wa kila namna: wachimbaji waliotoka shimoni na vumbi jekundu masikioni, wanunuzi wa dhahabu wenye mizani ndogo mfukoni, na akina mama wauzao ndagala kavu kando ya barabara itokayo Lulimba. Kama nchi ni yangu, huuliza, na kisiwa ni cha nchi yangu, na kadi ya mchaguzi ninayo, kwa nini niombe idhini nyingine ya kwenda kuoga ziwani na kupumzika siku tatu?

Swali hili ni la haki, na mtu anayelijibu kwa kusema kwamba ndiyo amri hajalijibu. Mchimbaji aliyeshinda miezi mitatu chini ya ardhi, ambaye wiki hii amepata kidogo na anatamani kuona mchanga na maji mengi kabla hela hazijamwisha, anastahili kuelezwa sababu ya kila karatasi anayodaiwa na ya kila ndoo anayosimamishwa mbele yake. Na anastahili zaidi kujua lipi katika hayo ni sharti la afya, na lipi ni ushuru uliovaa joho la uganga. Nitajaribu kulitenga hili na lile, nikianzia na kisiwa ambacho si kisiwa.

Mahali penye mlango mmoja

Msafiri afikaye Baraka, akasimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika asubuhi kabla upepo haujaamka, huiona Ubwari ng'ambo ya ghuba, milima yake imelala juu ya maji kama mtu aliyejifunika shuka. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita huko kwa mitumbwi wakitoka Ujiji kuelekea Uvira, wakaamini kwamba Ubwari ni kisiwa, na Burton akaandika hivyo. Baadaye ikabainika kuwa ni rasi, yaani ulimi wa nchi kavu ulioingia majini huku umeshikamana na bara kwa upande mmoja. Ghuba yenyewe imebaki na jina la Burton katika ramani hata leo, kana kwamba maji yalimsamehe kosa lake.

Mimi pia namsamehe, kwa sababu mbele ya maradhi Burton hakukosea sana. Watu wa Ubwari hununua chumvi, sabuni na dawa kwa kuvuka maji, na wagonjwa wao huvushwa kwa boti hiyohiyo. Kwa habari ya maradhi, kisiwa si lazima kizungukwe na maji pande zote. Kisiwa ni mahali popote penye mlango mmoja au miwili tu, ambapo kila aingiaye huonekana. Kwa kipimo hicho Ubwari ni kisiwa, Idjwi katika Ziwa Kivu ni kisiwa, Mombasa ni kisiwa, na Misisi yetu, masika yanapokolea na malori yakazama matopeni hadi ekseli, nayo huwa kisiwa kisicho na ufuko.

Mahali pa namna hiyo pana heri moja na hatari moja. Heri yake ni kwamba mlango mmoja hulindwa kwa urahisi kuliko milango kumi. Hatari yake ni kwamba maradhi yakishapenya, mlango uleule ulioingiza ugonjwa ndio utakaotoa wagonjwa, usiku, juu ya mawimbi, kwenda kutafuta hospitali iliyo mbali. Kwa hiyo mwenyeji wa kisiwa anapomkazia macho mgeni, tusidhani upesi kwamba anamchukia. Anaihesabu safari ya kurudi.

Kisiwa kilipokuwa cha wagonjwa

Hapana budi kukumbuka kwamba zamani mambo yalikuwa kinyume: kisiwa hakikuwa pa kukingwa na wageni, bali pa kuwatupia. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba atokaye katika nchi yenye tauni, yaani ule ugonjwa wa panya na viroboto uuao kwa maelfu, akae kwanza nje ya mji siku 30, na kisiwa kidogo cha jirani kilikuwa miongoni mwa mahali alipowekwa. Mwaka 1423 watu wa Venice wakatenga kisiwa kizima kwa hospitali ya wagonjwa wa tauni. Siku 30 zikaja kuongezwa hadi 40, na kutokana na hesabu hiyo ya arubaini, katika lugha yao, likazaliwa neno karantini, ambalo maana yake kwetu ni kumtenga mtu anayeshukiwa kubeba ugonjwa ingawa bado hajaugua.

Pwani yetu nayo ina ukumbusho wake. Mbele ya mji wa Unguja kipo kisiwa cha Changuu, ambako katika miaka ya 1890 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani, alijenga jela isiyopata kamwe kufunga wafungwa, ikageuzwa kuwa mahali pa karantini kwa abiria wa meli. Leo watalii huvuka kwenda kupiga picha na kobe wakubwa, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wachache kati yao hutambua kwamba wanastarehe mahali ambapo watu walikuwa wakihesabu siku.

Na kabla ya Ragusa na Venice, karibu na mwaka 639, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Akafanya mashauri, akaamua kurudi Madina. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu, kwa maana ya maneno yake, kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika kadari nyingine, kama mchungaji aachaye bonde kavu akapeleka ngamia wake penye majani. Waislamu wa Baraka na Kasongo wameyasikia mafundisho yanayofuatana na kisa hicho: kwamba nchi yenye tauni usiiingie, na kama tauni imekukuta ndani yake usitoke kuikimbia. Agizo hili lina pande mbili, nasi aghalabu twakumbuka ule unaomhusu jirani. Mwenye kukasirika kwamba amezuiwa kuingia kisiwani hajiulizi mara nyingi kama yeye mwenyewe alipaswa kutoka kwake.

Siku za kuatamia

Kuku akilalia mayai leo, vifaranga hawatoki kesho. Huyaatamia siku 21. Maradhi nayo hufanya vivyo hivyo mwilini. Kijidudu huingia leo, kikakaa kimya, na mtu akaendelea kula, kucheka na kusafiri, hadi siku yake ikatimia. Muda huo huitwa muda wa kuatamia, na ukiufahamu umekwisha fahamu nusu ya masharti yote ya safari, kwa kuwa kila sharti la haki limejengwa juu ya hesabu yake:

– Kipindupindu, ambacho wazee wa pwani walikiita pia waba: saa chache hadi siku 5.
– Homa ya manjano: siku 3 hadi 6.
– Korona, yaani COVID-19: hadi siku 14 katika hesabu iliyotumika mwaka 2020.
– Ebola: siku 2 hadi 21.
– Mpox, ugonjwa wa malengelenge: aghalabu siku 3 hadi 21.

Sasa mtu akikuambia ukae siku 14, hakuzitoa hewani. Na akikuambia ukae siku 14 kwa ajili ya kipindupindu, muulize kwa adabu alikozipata.

Kipimo nacho kisomwe kwa jicho hilohilo. Kile kijiti cha kupenyeza puani, kitafutacho alama za kirusi cha Korona na kiitwacho kipimo cha PCR, ni kama picha: kinaonyesha uso wa siku ile kilipopigwa. Nchi nyingi zilidai kisizidi saa 72, kwa sababu picha ya juma lililopita haionyeshi yai lililoatamiwa juzi.

Kwa ufupi: karantini hungoja yai lianguliwe, kipimo huchungulia kama limekwisha anguliwa, chanjo humfanya mtu kuwa kiota kibaya. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na moja si lazima litoshe mahali pa jingine.

Kisiwa kilichofungwa miezi mitatu

Anayetaka kuona sharti la siku likitenda kazi peke yake, bila karatasi, aitazame Mombasa ya wakati wa Korona. Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuzuiwa kwa safari za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na kwamba Mombasa, Kilifi na Kwale zingefuata jioni ya tarehe 8. Siku zilizotajwa kwanza zilikuwa 21. Zikaisha, zikaongezwa, zikaongezwa tena, hata ikafika tarehe 7 Julai. Malori ya mizigo yalipita, kwa kuwa bandari ya Kilindini hulisha nchi nyingi, na sisi wa mashariki ya Kongo tumo. Lakini mkaazi wa Nairobi mwenye kitambulisho halali, tiketi, na hoteli aliyokwisha kuilipia, hakuwa na cheti chochote duniani cha kumfikisha baharini. Hata ndani ya kisiwa chenyewe, Mji wa Kale ulifungwa peke yake tangu tarehe 6 Mei kwa muda wa mwezi mmoja, ikawa kisiwa ndani ya kisiwa.

Njia zilipofunguliwa, treni ya abiria ikarudi tarehe 13 Julai na ndege za ndani tarehe 15, na masharti yakageuka sura: barakoa usoni, joto kupimwa, viti kuachwa wazi. Kwa kuwa marufuku ya kutembea usiku ilikuwa bado ipo, tiketi ya ndege ikawa ndiyo ruhusa ya kupita barabarani saa za marufuku, kwa abiria na kwa dereva amchukuaye. Napenda mfano huu, maana ni nadra serikali kuifanyia karatasi moja kazi mbili badala ya kudai karatasi mbili kwa kazi moja.

Mstari usioonekana majini

Kwetu Kongo mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine. Hali hiyo ilikoma tarehe 21 Julai, na kuanzia tarehe 15 Agosti zikaruhusiwa tena safari za jimbo hadi jimbo, pamoja na bandari, viwanja vya ndege na mipaka.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi mwaloni. Mtu apandaye boti Baraka kwenda Ubwari hajatoka Fizi, wilaya yetu. Mtu apandaye boti ya namna ileile, pengine ya nahodha yuleyule, kwenda Kalemie, amevuka kutoka Kivu Kusini na kuingia jimbo la Tanganyika, ingawa maji hayana rangi mbili wala hakuna boya lililotiwa alama. Na aondokaye Goma kwenda Idjwi ametoka Kivu Kaskazini, ilhali aondokaye Bukavu kwenda Idjwi yumo katika jimbo lake. Kwa hiyo la kwanza la kuulizwa na msafiri, kabla hajafunga mzigo, si umbali wa kisiwa, bali kama njia yake inaukata mstari wa utawala. Kwa maana maradhi hayaujui mstari huo, lakini mwenye kuandika amri anao huo tu mkononi.

Sisi wa Kivu tulifika mbele ya Korona tukiwa tumekwisha funzwa. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilifika Goma Julai 2019 na Mwenga, katika jimbo letu, mwezi uliofuata. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imechukua roho 2,287. Ndoo yenye bomba, maji ya klorini, yaani ile dawa inukayo kama jiki, na kijana mwenye kupima joto, vilikuwa vimekwisha kuwa sehemu ya safari kama nauli. Na mwaka 2023 mpox ya aina mpya ikatambuliwa Kamituga, mji wa dhahabu kama huu wetu, ambao watu wake nao hawakai mahali pamoja.

Bastola ya joto na kipande cha karatasi

Nieleze sasa lililonipata mwenyewe, katika mwalo mmoja ambao sitautaja. Ilikuwa asubuhi ya Juni 2020, jua kali, na upepo ukitupiga usoni. Kijana aliyesimama kando ya ndoo alinielekezea kwenye paji la uso kile chombo tukiitacho termoflashi, ambacho hupima joto la ngozi bila kugusa. Kikaonyesha 34. Akamwelekezea mama aliyekuwa nyuma yangu, aliyebeba mtoto na kapu la mihogo, kikaonyesha 33. Kwa hesabu hiyo sote wawili tulikuwa karibu na maiti, lakini kijana akatupungia mkono tupite, kwa kuwa alifundishwa kuogopa namba kubwa tu.

Chombo hakikuwa kibovu. Upepo na jasho hupoza ngozi, na jua huipasha. Apimwaye hana budi kupumzika kivulini dakika chache kwanza. Tena hata kikipima sawasawa, huona homa peke yake: mtu wa Korona huweza kuambukiza kabla hajashikwa na homa, na mtu wa mpox hujulikana zaidi kwa malengelenge yaliyofichwa na shati. Nisieleweke kwamba nakidharau. Nasema kijana yule angeweka benchi chini ya mwembe uliokuwa hatua kumi kutoka alipo, angeona zaidi.

Hatua chache mbele palikuwa na kamba imetandwa njiani, na bwana mmoja mwenye kitabu cha jetoni, zile stakabadhi ndogo tuzijuazo sote. Akadai malipo ya "afya." Nikamuuliza, kwa heshima, afya ya nani. Akasema ya msafara. Mama mwenye mihogo, ambaye alikuwa amenizidi busara na haraka, akaniambia, "Papa, lipa tu, boti itatuacha." Nikalipa. Jetoni ile ninayo hadi leo, na haina neno hata moja juu ya ugonjwa, wala siku, wala jina langu.

Basi hii ndiyo alama ya kutofautisha. Sharti la afya lina ugonjwa unaotajwa, lina hesabu ya siku au tendo linalofanyika mwilini mwako, kama kunawa, kupimwa au kuchanjwa, na mwenye hela na asiye na hela hutendewa sawasawa mbele yake. Likiwa laweza kumalizwa kwa noti iliyokunjwa, hata liwe na mhuri, kijidudu kimepita pamoja na noti.

Mzigo wa msafiri wa ziwani

Katika ziwa letu adui wa kila mwaka si Korona bali kipindupindu. Wengi hukumbuka Kagunga, mwezi wa Mei 2015, ambapo wakimbizi wa Burundi walirundikana kwa makumi ya maelfu katika kijiji kidogo cha ufukweni upande wa Tanzania, kipindupindu kikawashukia, nao wakawa wanachukuliwa kwenda Kigoma kwa meli ya Liemba. Aendaye kupumzika kando ya maji na achukue:

– sabuni, na maji ya kunywa yaliyochemshwa;
– sukari na chumvi: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, kwa ajili ya mtu aharaye akiwa njiani kupelekwa penye matibabu;
– shuka lake mwenyewe, kwa sababu ya mpox;
– kadi ya mchaguzi, na kadi ya njano.

Kadi ya njano ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na Mkongomani aendaye Unguja ataulizwa hiyo. Huanza kufaa siku 10 baada ya sindano, kwa kuwa mwili huhitaji muda huo kujijengea kinga. Asiyejua hilo huchanjwa Jumatatu na kutaka kusafiri Jumatano. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja hutosha kwa maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Afisa akibisha, mwonyeshe bila ukali.

Mlango wa Ubwari

Nirudi sasa kwenye safari yangu ile ya Juni 2020. Tuliteremka Ubwari saa nne. Hapakuwa na termoflashi wala jetoni. Palikuwa na mzee juu ya kigoda, debe la maji na bakuli la majivu. Tukanawa. Mzee akauliza kila mmoja maswali mawili: amelala wapi, na nani aliyeugua huko. Mama wa mihogo alikuwa ametoka Baraka asubuhi ileile, na nyumba yake ameiacha salama, akapita. Mimi nikasema kweli, kwamba njiani nililala chumba kimoja na wasafiri waliotoka Bukavu, mji ambao Korona ilikuwa imekwisha fika, na kwamba mmoja wao alikuwa akikohoa.

"Siku ngapi?"

"Tisa, mzee."

Akahesabu kwa vidole, akavimaliza, akaanza tena. Kisha akaninyoshea kidole kibanda cha wavuvi mwisho wa ufuko, kitupu, chenye paa la nyasi, akasema zimebaki tano. Hakunidai kitu. Nikakaa humo siku tano, nikaoga ziwani asubuhi na jioni, nikalala mchana, jambo ambalo, nikisema haki, ndilo nililoliendea. Kila magharibi mtoto wa mzee aliniletea bugali na ndagala, akaviweka juu ya jiwe hatua ishirini kutoka mlangoni, akapiga mluzi na kukimbia. Jioni ya siku ya tano alipiga mluzi kama kawaida, lakini sahani hakuiweka juu ya jiwe. Akaja nayo hadi kizingitini, akanikabidhi mkononi, akakaa chini tukala pamoja.